Mwalimu Shamimu Aliyekataa Vitabu Visafi

Miaka thelathini na minne, jamani, si mchezo. Mwalimu Shamimu Chambile ameshika chaki muda wote huo, na tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita anaiweka chini, anastaafu. Kumi na mitatu ya mwanzo alikuwa Kilosa mjini. Iliyobaki yote ametupa sisi hapa Mikumi, kwenye darasa la kitengo, lile la watoto wanaochelewa kujifunza.

Walimu walitaka kuandika wao habari zake. Mwalimu mkuu akakataa, akasema wakiandika walimu itakuwa ripoti, atafutwe mtu anayejua kusimulia. Sasa mtu huyo wilaya nzima ya Kilosa ni mmoja tu, naye ni mimi Octavian, mpishi wa shule, mtoto wa Vidunda mlimani. Darasani sikukaa, baba alinihitaji shambani, kwa hiyo hapa mimi nasema na Mwalimu Joyce anaandika kwenye kompyuta. Nimemwambia asinipambie Kiswahili. Akinipambia, uji wake kesho hauna sukari.

Basi huyu mama alianza kazi akiwa mwembamba kama ufito. Hilo ni la kweli, picha ipo ofisini, nendeni mkaangalie. Pale Kilosa alikabidhiwa darasa la kwanza, watoto wamejaa mpaka dirishani, na kila siku anawaona wale wale wawili watatu wa nyuma hawashiki kitu. Walimu wenzake wakamwambia hao waache, hao kichwa hakifunguki. Yeye akawa anajiuliza: mtoto yuko kwangu asubuhi tu, jioni yote yuko kwao, je, kwao nani anamfungulia kitabu? Akaanza kupita majumbani kwao na vitabu vya hadithi kwenye kikapu cha sokoni, juu kafunika na mchicha ili asisumbuliwe na maswali njiani.

Kuna bibi mmoja wa Kilosa alimpa matata. Bibi msomaji wa Kurani tangu utotoni, anasoma kama maji, ila herufi hizi za shule hazijui. Alipoachiwa kitabu cha picha amsomee mjukuu wake, akakifungua anavyofungua kitabu siku zote, kuanzia upande wa kulia. Yaani akaanza na ukurasa wa mwisho. Hadithi ile sungura alikuwa anaishia chunguni. Kwa bibi, sungura anatoka chunguni mzima, anajipangusa, anagombana na fisi, mwisho wanakuwa marafiki wanalima shamba moja. Mjukuu akaisimulia hivyo darasani, wenzake wakacheka mpaka wakaanguka. Mwalimu Shamimu akaenda hadi kwa yule bibi, akaketi mkekani, akasikiliza kitabu kikisomwa kutoka mwisho kuja mwanzo. Akamwambia, "Bibi, endelea hivyo hivyo." Yule mtoto nyumbani akawa anasomewa kutoka kulia, shuleni kutoka kushoto, na baada ya muda akawa mtoto pekee Kilosa nzima mwenye uwezo wa kusimulia hadithi kutoka pande zote mbili. Sasa hivi ana duka la dawa. Mimi napenda kusema sungura wa bibi ndiye sungura wa kweli, lakini sikuulizwa.

Alipohamia Mikumi, barabara kuu inapita hapa mlangoni na tembo wanakuja kunywa maji yetu, akaja na mkoba wake. Kila Ijumaa mtoto wa kitengo anaondoka na mkoba wa kitenge, ndani kitabu kimoja. Jumatatu kinarudi. Akaita wazazi akawaeleza: hata kama hujui kusoma, kaa na mtoto, fungua, angalieni picha, muulize anaona nini. Fundi wa kuziba pancha za malori akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wangu mimi hasemi kabisa. Nimuulize nani?"

"Basi sema wewe. Akichoka kukusikiliza atasema tu ili unyamaze."

Watu wakacheka, fundi naye akacheka, wakaenda na mikoba yao.

Jumatatu vitabu vikarudi. Visafi. Vinang'aa, vimenyooka, utadhani vimetoka dukani. Ofisi ya walimu nzima ikafurahi, wakasema wazazi wa Mikumi wastaarabu. Mwalimu Shamimu peke yake kanuna. Wiki ya pili hivyo hivyo. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba, na huko ndiko alikokuta mambo. Watu wetu hawa wametokea Kilosa kwenye mafuriko, wamejifunza kwamba kitu cha karatasi kinawekwa juu. Basi vitabu vilikuwa vinaning'inia kwenye kenchi za paa ndani ya mifuko ya nailoni, Ijumaa mpaka Jumatatu, kama nyama inayokaushwa. Mama mmoja kakifungia kwenye sanduku pamoja na cheti cha ndoa, akamwambia mwanawe ukigusa mali ya serikali polisi wanakuja. Walikuwa wanatunza. Wanatunza kweli kweli, na hakuna aliyefungua hata ukurasa.

Akawaita tena. Akasema, "Kuanzia leo kitabu kikirudi kisafi sikipokei. Nataka madoa."

Wazazi wakaangaliana. Kuna aliyemuuliza jirani yake kama mwalimu anaumwa.

Jumatatu iliyofuata ndipo Mwalimu Shamimu alipogundua kwamba hii shule ina mtaalamu. Vitabu vimerudi vina madoa kila kimoja, lakini kuna kitu hakikumkalia sawa. Akaja jikoni kavibeba kifuani. "Kaka Octavian, wewe ndiye mtu wa sufuria. Hebu nisaidie." Nikafuta mikono, nikaketi, nikavipitia kama hakimu. Hiki maharage, yako ukurasa wa nne na wa tano, mtoto alikuwa anakula huku anaangalia, hiki ni halali. Hiki mafuta ya taa, walisoma karibu na kibatari, halali. Hiki hapa mlenda, uko jaladani tu, ndani pameng'aa kama kioo. Huyu kakipaka. Mwalimu alicheka mpaka kilemba kikalegea. Mpakaji hakumgombeza. Alimfuata nyumbani na kitabu chake, wakasoma wote watatu, yeye na mama na mtoto, mlenda ukiwa jikoni unapoa. Mwaka ulipoisha vitabu vyetu vilikuwa na hali mbaya sana, na sijawahi kuona uchafu mzuri namna ile. Fundi pancha yule, mwanawe alianza kusema. Neno la kwanza lilikuwa "basi," anamwambia baba yake anyamaze. Fundi mpaka leo anaringa nalo.

Sasa nije kwa Nyanda, maana hapo ndipo nilipomjua mwalimu huyu ni wa namna gani.

Nyanda ni mfugaji, alitoka Usukumani na ng'ombe wake, akakaa kwanza Msowero, kisha akaja kwetu, ng'ambo ya barabara baada ya mashamba ya mwisho. Mkewe anaitwa Magreti. Wana pacha wasichana, Kulwa na Dotto. Kwa Wasukuma pacha anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Dotto, kwa hiyo kitengoni tulikuwa na akina Dotto watatu wakati mmoja, ukiita mmoja kwenye uji wanakuja wote. Huyu ni Dotto wa Nyanda. Kulwa alikuwa darasa la tatu, anasoma vizuri. Dotto, umri ule ule, hajui hata herufi moja, na maneno yake kwa siku nzima unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mwaka juzi majani yalianza kuisha, na Nyanda akapanga kuhamisha mifugo kwenda kusini, upande wa Malinyi. Akaja shuleni kuaga. Alitoa shikamoo vizuri, akasema Kulwa atabaki na mama yake asome. Dotto anaondoka naye.

"Huko atasoma wapi?" Mwalimu Shamimu akamuuliza.

"Mwalimu, huyu hasomi. Tusidanganyane. Huku anakaa tu. Kule atanichungia ndama."

"Mkoba mnafungua?"

"Tunafungua. Tunaangalia. Kuna picha ya mtu anakwenda ufukweni na mwavuli. Sasa mwanangu ufukwe ameuona wapi? Hata mimi sijauona."

Mwalimu aliniambia baadaye kwamba aliona aibu kwa ajili ya kile kitabu. Akamuomba Nyanda kitu kimoja, asiondoke na mtoto mpaka mahindi yavunwe. Nyanda akakubali, kwa sababu hata hivyo alikuwa na mahindi. Lakini alisema wazi: mahindi yakiingia ndani, na Dotto hajabadilika, wanaondoka.

Jumamosi tukaenda kwake. Nasema tukaenda kwa sababu njia ile ina tembo, na tembo wa Mikumi wananiogopa, niliwahi kumtoa mmoja jikoni kwa mwiko. Mwalimu Joyce hapa anatikisa kichwa. Andika hivyo hivyo. Tulifika jioni ng'ombe wanaingia zizini. Na Dotto yule asiyesema amesimama kwenye lango la zizi, anagusa kila ng'ombe anayepita na kumtaja jina. Mabaka. Kipara. Bariadi. Kadogo. Hakosei. Ndama akipita anamtaja na mama yake. Baba yake kamuweka pale kila jioni kwa sababu hana mtu wa kumwamini zaidi yake.

Mwalimu Shamimu macho yakamwaka. Akatoa simu akaanza kupiga picha ng'ombe.

Nilijua tumekwisha. Mfugaji hamwonyeshi mgeni zizi lake lote, na humuulizi ana ng'ombe wangapi. Tena siku zile, na maneno yale ya mifugo kupunguzwa na watu kuhamishwa, mtu anayepiga picha ng'ombe ni mtu aliyetumwa. Nyanda akaja mbio na fimbo yake.

"Weka simu, mwalimu. Nani amekutuma uhesabu mifugo yangu?"

"Hakuna aliyenituma. Nataka kumtengenezea mtoto kitabu."

"Kitabu cha ng'ombe? Utampa nani akisome? Mwalimu, nakuheshimu, umenizidi umri. Nenda nyumbani."

Tukaenda. Jumatatu Dotto hakuja shule. Jumanne hakuja. Wiki nzima kikombe chake cha uji nakimimina nakirudisha sufuriani. Mwalimu Shamimu, ambaye kwa kawaida anaongea mpaka na madawati, akawa anaangalia mlango tu. Alikuwa amefika kwenye zizi la mtu kama mkaguzi, na sasa mtoto amemponyoka.

Ijumaa akaniambia twende tena. Nikamwambia safari hii fimbo itashuka. Akasema ishuke. Alifika pale, akapokea shikamoo, kwa sababu Nyanda pamoja na hasira zote shikamoo hakunyima, akatoa simu akamkabidhi mkononi.

"Piga wewe. Unayetaka asionekane, asionekane. Mimi nakaa huku jikoni na mama Kulwa, sitatazama zizi lako."

Na kweli akaenda kukaa kageuza mgongo. Nyanda akakaa na ile simu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Mwishowe akaingia zizini. Picha zake, nisiwadanganye, zilikuwa za ajabu. Kwato. Mkia. Kidole gumba chake mwenyewe, mara kadhaa. Magreti akaja akamnyang'anya simu, "Baba Kulwa, ng'ombe ana kichwa pia," na za Magreti zikatoka nzuri. Wakachagua wenyewe ng'ombe wa kuingia kitabuni, wanabishana kwa Kisukuma, wanacheka, na Dotto katikati yao anaonyesha kidole: huyu, huyu.

Picha tukazitoa stesheneri pale barabarani. Kila ukurasa ng'ombe mmoja, chini yake jina lake kwa herufi kubwa. Tukabandika kwenye maboksi magumu, nikashona kwa uzi wa magunia, na ule ushonaji wangu hata trekta haliukati. Dotto akarudi shule Jumatatu. Ijumaa akaondoka na mkoba, ndani kitabu cha kwao.

Mwalimu aliwapa kazi ndogo. Kila jioni baada ya zizi kufungwa, baba au mama anafungua ukurasa, Dotto anataja, kisha anapitisha kidole kwenye jina. Basi. Wasimfokee, wasimharakishe, akichoka wafunge. Magreti na Nyanda wote wawili hawajui kusoma, na kile kitabu hakikuwadai wajue. Kilirudi kila Jumatatu na maziwa, moshi na samadi. Sikuitwa kukikagua hata siku moja.

Mahindi yakavunwa. Nyanda akatuma salamu tuje, ameshapanga safari.

Tulimkuta kasimama langoni, na Kulwa ameketi chini na kalamu ya wino mzito. Nyanda ni mtu wa mnada wa Dumila, hanunui kitu kwa maneno. Akasema, "Mwalimu, mtoto anataja ng'ombe vizuri. Lakini hata zamani alikuwa anawataja. Nitajuaje kama anasoma au anakumbuka picha?" Kwa hiyo amemwamuru Kulwa akate vipande vya boksi, aandike majina, bila picha, avichanganye. Nyanda atachomoa kimoja bila kujua ni kipi. Dotto akiangalie, asiseme kitu, aingie zizini akamguse ng'ombe mwenye jina hilo. Kulwa atasema kama ni sawa.

Mwalimu Shamimu hakuwa amemfundisha hivyo. Nilimwona anakaza ushungi wake kama mtu anayevuka mto.

Kipande cha kwanza. Dotto akakitazama muda mrefu, midomo inacheza. Akaingia zizini, akapita katikati ya mapembe yale, akaweka mkono mgongoni kwa Mabaka. Kulwa akasema, "Ni Mabaka, baba." Kipande cha pili, Kipara. Cha tatu akasita, akaenda kwa ng'ombe mmoja, akarudi, akatazama tena, akaenda kwa Bariadi. Ni Bariadi. Magreti kashika mdomo.

Akachomoa kingine. Dotto akakisoma. Akatazama zizi. Hakwenda. Akakisoma tena, amesimama tu, na mimi moyoni nikasema ndiyo hapo, mtoto kachoka. Nyanda akamwambia, "Haya, nenda." Dotto akatikisa kichwa.

"Nenda basi."

Dotto akamrudishia baba yake kile kipande mkononi. Akasema, "Kadogo hayupo. Ulimuuza Dumila."

Kulwa akapaza sauti, "Ni Kadogo kweli, baba. Nilisahau kwamba ameuzwa."

Mimi nimekaa hapa duniani muda mrefu na nimesikia maneno mengi, mengi yakiwa yangu mwenyewe, lakini sijasikia yaliyokaa sawa kama yale. Maneno manne kutoka kwa mtoto ambaye shule nzima ilisema hasemi, na ndani yake kuna lawama, maana Kadogo alikuwa ng'ombe wake mpenzi. Wala hayakuwa ya kukariri. Nyanda aliangalia kile kipande, akakigeuza juu chini. Akamuuliza Dotto, polepole, "Hapa wapi pameandikwa Kadogo?" Dotto akashika kidole cha baba yake akakipitisha kwenye herufi, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Halafu Nyanda akamgeukia Mwalimu Shamimu.

"Mwalimu, kumbe natakiwa nitafute mtu mwingine wa ndama."

Mwalimu akafuta macho, akajifanya kuna moshi. Moto wenyewe ulikuwa haujawashwa. Mimi sikulia, ila nililazimika kwenda kuangalia kama tembo wapo.

Nyanda alikwenda Malinyi na kijana wa kumlipa. Kulwa na Dotto walibaki na mama yao, wanasoma wote. Jioni Nyanda anapiga simu, Magreti anaweka sauti kubwa, Dotto anamsomea baba yake kitabu. Sasa anasoma na vingine, hata kile cha mtu wa mwavuli, anakicheka. Wachungaji wenzake Nyanda wakipiga kelele huko porini tunamsikia kwenye simu anawafokea, "Nyamazeni, mwanangu anasoma." Mwaka huu wafugaji wengine saba wameleta watoto wao kitengoni, watoto ambao walikuwa wanafichwa majumbani, na kila mmoja ameulizia kile kitabu cha ng'ombe. Wakulima nao hawakutaka kupitwa. Tumeshashona cha kuku, cha mbuzi na kimoja cha bodaboda za kijiwe kizima, na mshonaji mnamjua.

Mwalimu Shamimu, shule yote inakushukuru. Wazazi waliokuwa wanatundika vitabu kwenye kenchi wanakushukuru, na watoto uliokataa kuwaacha nyuma ya darasa wanakushukuru, na wengine wanaweza kukuandikia wenyewe. Unarudi Kilosa kwa wajukuu wako. Tunakuombea afya, miguu isiyouma, na pensheni inayofika kwa wakati. Tunakuombea jioni nyingi za kukaa mkekani na mtoto mmoja mmoja, bila kengele ya kukukatiza. Kupika hujui, nimekula wali wako, kwa hiyo nimeshaongea na binti yako asikuache jikoni peke yako. Wewe kaa na wajukuu usome, uchafue vitabu vyote vya nyumba ile, na maisha yakuendee vizuri, dada yangu.